Mji wa Mezani

Kosa langu la kwanza kama mwalimu wa udereva halikutokea barabarani. Lilitokea chumbani, na nililifanya kwa mikono yangu miwili. Nilisukuma meza hadi ikagusa ukuta.

Nieleze hiyo meza kwanza, kwa sababu wengine wenu hamjawahi kukaa katika shule ya udereva. Hapa kwetu, kabla hujapewa leseni, mtahini hukusimamisha mbele ya ubao uliolazwa mezani na kuchorwa mji mzima: barabara kubwa na ndogo, makutano, raundabauti, njia ya upande mmoja, maegesho, hospitali, kivuko cha watu wa miguu. Kwa Kiingereza ni "model town". Sisi tuliuita mji tu. Unapewa kigari cha kuchezea, kile cha watoto, na mtahini anakuambia ukitoe hapa ukipeleke pale. Unakisukuma kwa kidole huku ukieleza kila unachofanya na kwa nini. Nimeona wanaume walioendesha trekta nusu ya maisha yao wakitokwa na jasho mbele ya kigari chekundu kisichozidi sanduku la kiberiti.

Chumba chetu kilikuwa juu ya duka la vipuri, Nakuru mjini, na kilikuwa kidogo. Meza ya mji ikikaa katikati, ilibidi watu wapite ubavu ubavu. Mimi ni mtu wa kutaka vitu vikae sawa. Wiki yangu ya kwanza kama mwalimu niliisukuma meza ukutani, nikapanga viti kwa mistari, nikasimama mlangoni kutazama. Palionekana darasa hasa. Nilijipongeza.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii, na pia nyinyi mnaojifunza Kiingereza huku mkiogopa kuchekwa, kwa sababu kwangu mambo hayo mawili yalikuwa kazi moja. Mtashangaa kwamba najiita mstaafu na bado sijafika arobaini. Mgongo ndio uliostaafu, mimi nikaufuata. Kukaa kiti cha kushoto miaka yote hiyo, mguu ukiwa tayari juu ya breki ya mwalimu, huku mtu asiyekujua amekushikia maisha yako kwa usukani, si mchezo.

Nilizaliwa Kihoto, Naivasha. Maji ya ziwa yalipoingia nyumbani tukahamia Nakuru, na shule nikaiachia kidato cha pili. Kazi niliyopata ilikuwa kuosha magari ya shule ya udereva ya Mzee Harjit, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru na kukaa mtaa wa Section 58 maisha yake yote, mtu wa Kiswahili cha gereji na maneno machache. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kujibu maswali ya mtihani. Kilichonifundisha Kiingereza cha kutumia ni barabara. Nilisoma kila kilichoandikwa nyuma ya malori na kwenye kila kibao, nikakirudia nikisugua magurudumu: "Stop." "Keep left." "Slow down." "No overtaking." Na pale barabara ndogo inapokutana na kubwa, "Give way."

Sasa, ukijifunza Kiingereza kwa vibao unajifunza amri tupu. Kibao hakisemi tafadhali. Siku moja nilikuwa nimebeba ndoo mbili za maji na Mzee Harjit amesimama mlangoni akiongea na simu. Nikamwambia kwa heshima zote, "Sir, give way."

Alikata simu. Akanitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Kijana, mimi ni barabara gani? Ndogo ama kubwa?"

"Sijui, Mzee."

"Basi pita haraka, kabla sijaamua."

Baadaye nilipokuwa mwalimu nilikitumia kisa hicho kufundisha. Amri ni mlango rahisi wa kuingilia Kiingereza, maana kitendo kinatangulia na hakuna mengi ya kukosea, lakini ukibaki mlangoni watu watakuona askari. Vibao vya ukarabati navyo vilinisaidia. "Road closed." Barabara imefungwa. Nani ameifunga? Kiingereza hakisemi, na Kiswahili chetu nacho hakisemi. Wanafunzi walioogopa sarufi ya namna hiyo walipokuwa shuleni waliielewa siku niliyowapeleka kwenye kibao chenyewe, mawe yamepangwa njiani na hakuna mtu hata mmoja karibu.

Lakini nimeruka mbele. Turudi wakati ule nilipokuwa bado nafundisha vibaya.

Nilipandishwa cheo kutoka ndoo hadi darasani kwa sababu mwalimu aliyekuwepo aliondoka ghafla na mimi ndiye niliyekuwa nimekariri kila kitu. Nilinunua tai. Sikumwambia mwanafunzi yeyote kwamba sikumaliza sekondari. Niliamini kwamba wakisikia kosa moja tu kinywani mwangu, mtu atainua mkono aombe kuona cheti. Kwa hivyo nilijilinda kwa kuwa polisi wa sentensi. Mtu akisema "I am see", nilimsimamisha hapo hapo. Akisema "the vehicles is", nilimsimamisha. Nikikosea mimi mwenyewe asubuhi, hilo kosa lilinifuata hadi nyumbani, nikawa nalirekebisha peke yangu nikivua soksi.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa bodaboda, Mbugua, aliyetaka leseni ya gari ili aache kunyeshewa. Aliniambia mbele ya darasa zima, "Ticha, siku ya mazishi yako utaamka urekebishe pastor."

Darasa lilicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikamwambia arudie sentensi yake.

Na nilikuwa nimeandika maelezo. Kwa kalamu nzito, kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani juu ya meza ya mji: safari kamili kutoka maegesho hadi hospitali, kwa Kiingereza kisicho na doa. "I am moving from the parking. I have checked my mirrors. I am approaching a junction. I turn left." Niliiandika mara nyingi hadi kila nukta ikakaa mahali pake. Wanafunzi waliikariri kwa sauti moja kama watoto wa Sunday school. Ukipita chini, kwenye duka la vipuri, ungedhani juu kuna kwaya.

Lazima niseme hili pia. Mtahini hakuwa na shida na Kiswahili. Mtu angeweza kueleza kwa Kiswahili na akapita. Ni mimi niliyewaambia wanafunzi kwamba Kiingereza ndicho kinachopendeza.

Ndipo akaja Mama Cheptoo.

Alitoka Keringet, mama wa makamo, sweta la kijani na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kisawasawa. Kwa miaka mingi alikuwa akipeleka maziwa ya majirani kwa punda hadi kituo ambapo pikapu ya kikundi chao huyachukua. Dereva wa pikapu, mzee mwenye macho yanayofifia, alikuwa anakaribia kuacha kazi. Kamati ya kikundi ilimwambia Mama Cheptoo kwamba kiti kile ni chake akirudi na leseni kabla mzee hajaondoka. Asiporudi nayo, kitaenda kwa mpwa wa mwenyekiti, ambaye leseni alikuwa nayo tayari na kazi hakuipenda. Mama Cheptoo akaja kukaa kwa dadake Section 58 ili asome.

"Nimetembea nyuma ya punda vya kutosha, mwalimu," aliniambia siku ya kwanza. "Sasa nataka kukaa mbele ya kitu."

Alitazama ile karatasi yangu ukutani kwa muda. "Hii maneno mtu hawezi sema na Kiswahili?"

"Inaruhusiwa, mathe. Lakini Kiingereza ndiyo inapendeza."

Alishusha pumzi. "Haya. Nifunze hiyo ya kupendeza."

Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yeye. Alikariri akipika, alikariri akitembea kutoka Section 58 hadi mjini. Alipokosea nilimkatiza, naye akarudia kutoka mwanzo, kutoka kwenye maegesho, kwa sababu katikati hakukuwa na mahali pa kushika. Nilipenda hilo. Niliona ni ukamilifu. Kufikia siku ya mtihani alikuwa anaisema safari yote bila kupumua vibaya hata pahali pamoja, na nilimpeleka kama mtu anayepeleka maua kwenye maonyesho.

Meza ya mtihani ilikuwa imewekwa nje, chini ya paa la mabati, na watahiniwa walikuwa wameizunguka pande zote. Upande tuliouzoea ulikuwa umejaa. Mama Cheptoo, kwa adabu, akaenda kusimama palipokuwa wazi, upande wa pili. Mimi nilikuwa kwenye benchi la walimu, karibu kiasi cha kusikia. Mtahini alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini.

"Mama, leave the parking, take me to the hospital."

Akaanza. Kiingereza kilitoka kama kimepigwa pasi. "I am moving from the parking. I have checked my mirrors." Kidole chake kilisukuma kigari kwa ujasiri. "I turn left," alisema, na kigari kikaenda kulia. "I am keeping left," alisema, na kigari kikaingia raundabauti kinyume, kikatoka, kikaifuata njia ya upande mmoja kikikabiliana na kila mshale uliochorwa pale, kikapita juu ya kivuko cha watu bila kupunguza mwendo. Hakukosea neno hata moja.

Mtahini alingoja hadi alipomaliza.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, "Kiingereza chako ni kizuri sana. Lakini umegonga watu watatu."

Mbugua alipita siku hiyo hiyo. "Mimi nimemwambia tu, hapa napunguza mwendo juu kuna zebra, watu wanavuka, hapa nangojea huyu wa right," alikuwa akiwasimulia wenzake. "Nimechanganya lugha zote za mamangu. Akasema next!" Kisha akamwona Mama Cheptoo akija, akavua kofia.

Garini, tukirudi, mama aliniuliza tulipokaribia mjini.

"Mwalimu, nilisema vibaya wapi?"

"Hukusema vibaya popote, mathe."

"Sasa mbona nimeanguka?"

Alimpigia mwenyekiti simu akiwa hapo hapo garini, kwa Kikalenjin, na mimi nilisikia tu jinsi sauti ilivyokuwa ikipanda na kushuka. Alipomaliza aliniambia walichokubaliana: wangemngoja hadi mtihani ujao, si zaidi ya hapo. Dereva alikuwa ameanza kuegesha pikapu kwenye ua wa jirani akidhani ni ua wa kikundi.

Wanafunzi walipokwenda nyumbani nilisimama mbele ya meza yetu nikaisema safari yote, nikisukuma kigari. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikataka kusimama upande wa pili alipokuwa amesimama yeye. Hakukuwa na upande wa pili. Kulikuwa na ukuta.

Nikaivuta meza. Ni nzito, miguu yake ya chuma ilipiga kelele sakafuni. Nikajipenyeza nyuma yake, nikachukua kigari, nikaanza kwa Kiingereza changu kisicho na doa. Kufika "I turn left" kigari kikaenda kulia. Nikaanza tena. Kikaenda kulia tena. Kumbe miaka yote hiyo "left" kwangu ilikuwa mkono wangu, si mkono wa gari. Nilikuwa nimefundisha watu mkono.

Mzee Harjit alipanda ngazi kwa sababu ya zile kelele.

"Unahama?"

"Mzee, hii meza nimeiweka vibaya. Wanafunzi wanaiona upande mmoja tu."

Aliitazama. "Mimi niliiweka katikati. Nikadhani umeisukuma ufagie."

"Miaka yote, Mzee? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na tai," alisema. "Nani anaambia mtu wa tai?" Kisha akashika upande mmoja wa meza, nami nikashika wa pili, tukaibeba.

Kuhamisha meza kulichukua dakika chache. Kumwondoa Mama Cheptoo kwenye yale maelezo kulikuwa kazi nyingine. Nilimwambia asahau alichokariri, aizunguke meza, aseme anachoona. Alianza, kisha kila baada ya maneno mawili macho yake yalitoka kwenye mji yakaja usoni pangu. Nikikunja paji la uso, alibadilisha neno. Nikiitikia kwa kichwa, aliendelea. Nilimpeleka mjini tukasimama kando ya makutano makubwa, magari yakipita. "Eleza tu, mathe, unaona nini?" Akanitazama mimi. Lori zima lilipita nyuma yake akiwa ananitazama mimi.

Nilijua ubaya huo ni wangu. Kujua hakukuniachisha. Mtu wa wasiwasi akiambiwa aache kusahihisha ni kama ameambiwa aache kupepesa macho.

Kilichoniachisha ni punda.

Ilikuwa asubuhi, tuko garini kwenye barabara ya mtaani inayotokea ile ya Njoro. Mama Cheptoo anaendesha, taratibu na vizuri, maana mikono yake haikuwahi kuwa na shida. Mbele yetu upande wa kushoto kulikuwa na mkokoteni wa punda uliobeba mitungi ya maji, mwenyewe amekaa juu akila ndizi. Mbele zaidi, lori.

"I am see a lorry," alisema.

"I see a lorry. Repeat."

"I see a lorry."

"Sasa ifanye nzuri: there is a lorry in front of me. Usiharakishe. There is..."

Nilikuwa nimegeukia upande wake, kidole juu, nikihesabia maneno. Breki ilikanyagwa, mkanda ukanibana kifua, na nilipotazama mbele mkokoteni ulikuwa unakata barabara mbele ya boneti yetu, punda akielekea kwenye kijia cha kulia, mwenyewe bado na ndizi yake. Angenyoosha mkono angegusa taa zetu. Mitungi ilipita, maji yakimwagika. Mguu wangu haukuwa kwenye breki ya mwalimu. Haukuwa hata karibu.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Masikio."

"Masikio gani?"

"Ya punda. Aliyageuza yote mawili kwa hiyo njia ndogo. Punda hana indiketa, mwalimu. Yeye ni masikio." Alikuwa bado ameshika usukani kwa nguvu. "Nilikuwa nataka kukwambia. Nilikuwa natafuta Kiingereza yake. Nikaona nikingojea Kiingereza tutaingia chini ya hiyo mitungi."

Kwa miaka mingi nimejaribu kusimulia maneno hayo kama kichekesho, na watu hucheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilimwomba aegeshe, azime injini. Mwenye mkokoteni alikuwa amefika kwenye lango fulani na alikuwa anashusha mtungi kana kwamba dunia iko salama.

Kisha nikamwambia, kwa sauti ya kawaida na bila kidole, "The donkey is going to turn."

Akarudia polepole. Safari hii hakunitazama. Alikuwa anamtazama punda.

"Going to," alisema. "Na bado hajaenda?"

"Bado. Ameonyesha tu."

"Na masikio."

"Na masikio. Gari ni taa." Nikamwonyesha hapo hapo, gari limezimwa lakini ufunguo umewashwa kidogo. Taa ikianza kupepesa na gurudumu halijasogea: "I am going to turn." Usukani ukizunguka na gari likiinama: "I am turning." Usukani ukinyooka na taa ikizimika yenyewe: "I have turned." Nyakati tatu za kitendo, zote kwenye kijiti kimoja kando ya usukani. Nilikuwa nimezifundisha mara nyingi kwa ubao na chaki na mtu hakuzishika. Mama Cheptoo alizishika kabla injini haijapoa, na alipoondoa gari alizisema njiani kote, akimsemea kila dereva aliyetutangulia. "This one is going to turn. Ah, hapana, amesahau taa. This one is a liar."

Kutoka siku hiyo nilifundisha hivi, na ndiyo sehemu ningependa mwondoke nayo. Macho kwanza. Halafu neno lolote, kwa lugha yoyote iliyo karibu na ulimi. Kiingereza kinakuja baada ya hapo, kikikuta kitu tayari kimeonekana, kwa hivyo kina mahali pa kukaa. Sentensi ya mwanafunzi nasahihisha gari likiwa limeegeshwa na breki ya mkono iko juu, na nasahihisha jambo moja tu, lile ambalo likibaki litamfanya asieleweke. Mengine namwachia nayo. Na ukitaka kujua kama mtu amejifunza, mhamishe mahali aliposimama. Mtu anayejua neno "left" analijua akigeuzwa.

Haikuwa rahisi kwangu. Nilikuwa nauma shavu la ndani hadi likapata kovu. Mbugua, ambaye alikuwa ameshapata leseni lakini alizoea kupita kutusalimia, aliniona siku moja nikimsikiliza mwanafunzi bila kufungua mdomo, akaniuliza, "Ticha, niaje, uko na jino inauma?"

Siku ya mtihani wa pili mtahini alikuwa yule yule. Alimkumbuka.

"Ni mama wa Kiingereza kizuri."

"Ni mimi, sir."

"Sawa. From the market, take me to the hospital."

Si maegesho. Soko. Safari ile ya ukutani haikuwahi kupita soko. Nilishika benchi kwa mikono yote miwili.

Mama Cheptoo hakugusa kigari. "Sir," alisema, "I look first."

Mtahini aliinua nyusi. "Look."

Akaanza kuizunguka meza. Watu walimpisha, mmoja baada ya mwingine, wengine wakinung'unika kwamba huyu mama anapima shamba. Alizunguka yote, akirudi alikotoka, macho chini kwenye mji, mikono nyuma. Kisha akakishika kigari.

"I am going to turn left. I show my light." Kidole kikagonga meza mara mbili, kama taa inayopepesa. "I am turning. I have turned." Kigari kilienda kushoto, kushoto chenyewe. Akafika raundabauti, akasimama. "This one is coming from my right, so I am wait."

I am wait. Nilisikia. Kila kilichomo ndani yangu kiliinuka, na mimi nikabaki nimekaa.

"Why are you waiting?" mtahini akauliza.

"He is going to pass. He not pass yet." Akangoja, kana kwamba kile kigari cha plastiki kilichowekwa pale na mtahini kingeweza kuondoka wakati wowote. Mtahini akalazimika kukiondoa kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo akaingia. Kwenye kivuko cha watu akasimama tena. "Here people is crossing. Even if I don't see them, I slow."

Mtahini alitazama mji, akamtazama mama.

"Next," alisema.

Mama Cheptoo aligeuka kunitafuta kwenye benchi, uso umemshuka. "Mwalimu, next ni nini? Nimeanguka tena?"

"Ni umepita meza, mathe," nilimwambia. "Nenda kwa gari."

Barabarani alipita pia, lakini hilo sikuwa na wasiwasi nalo. Alirudi Keringet na leseni kabla dereva mzee hajaondoka, na mzee mwenyewe ndiye aliyemkabidhi ufunguo. Mpwa wa mwenyekiti, nasikia, alifurahi kuliko wote.

Huwa ananipigia simu mara kwa mara. Kila mara, kabla hata ya kuuliza hali ya mgongo wangu, husema kwanza, "Mwalimu, I have parked." Kisha tunaongea. Anasema polisi wa barabarani wakimsimamisha na kumsemesha Kiingereza haogopi tena, anawajibu, na wengine wamemwomba maziwa. Sentensi zake bado zina mashimo kama barabara ya kwao wakati wa mvua. Naelewa kila kitu.

Nilipoacha kazi, Mzee Harjit alinipa ile tai, ambayo nilikuwa nimeisahau kwenye droo. Karatasi ya ukutani nilikuwa nimeiondoa mwenyewe zamani. Alama za gundi bado zinaonekana. Wanafunzi wa sasa wanajibu kwa lugha wanayotaka, na wengi wao huchagua Kiingereza bila kulazimishwa na mtu. Meza ya mji iko katikati ya chumba, na anayetaka kufika upande wa pili lazima apite ubavu ubavu.